Pumzi ya Paa

Mzee mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, ambaye jina lake nitaliacha kwa kuwa hapendi kutajwatajwa, ana udi wenye ufa ubavuni. Ufa wenyewe ameuziba kwa gundi ya seremala. Majuzi nilimkuta barazani kwake baada ya sala ya adhuhuri, udi umemlalia tumboni, anahangaika na kigingi kimoja kilichokuwa kikiteleza. Anakikaza, kinarudi. Anakichomoa, anakipaka chaki, anakikaza tena. Kinashika kidogo, kisha kinarudi. Nyuzi kumi na moja za kupatanisha, na mzee hana haraka na hata mmoja. Muuza kahawa akapita na dele lake, akatumiminia, akaenda zake. Wimbo sikuusikia. Nilikaa muda mrefu nikimsikiliza mtu anatafuta sauti, na niliporudi nyumbani nikagundua kwamba siku nyingi sijakaa mahali kwa muda kama ule bila kutoa simu mfukoni.

Alipokuwa akikaza, mzee alimtaja Zein mara moja tu. Alisema, “Zein angekuwa ashamaliza,” akacheka.

Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mwimbaji na mpiga udi, alizaliwa Lamu na kufia Mombasa mwaka 2016. Maisha yake mengi ya uimbaji aliyaishi huku kisiwani, mbali na kwao. Najua kuna watakaoniambia kwamba kutoka Lamu kuja Mvita si kwenda ng'ambo. Kwa ramani ni kweli. Lakini muulize Mwamu aliyekuja Mombasa akiwa kijana, akasema “yeo” badala ya leo na “mai” badala ya maji, namna watoto wa mtaani walivyomcheka mpaka ulimi ukajikunja wenyewe. Wengi huuacha ulimi wa kwao bandarini kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Zein hakuuacha. Alikaa ugenini miaka na miaka akiimba maneno ya kwao, na Mombasa, ambayo ina Kimvita chake na maringo yake, ikakaa kimya ikamsikiliza.

Hakuwa peke yake. Hapa hapa kisiwani alikuwako Mwamu mwenziwe, Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi wa Matondoni aliyeandika Sambo ya Kiwandeo juu ya uundaji wa jahazi. Nabhany ndiye aliyetupa neno runinga, ili tusiwe tunasema televisheni maisha yetu yote. Wawili hawa walifukua mashairi ya kale ya Lamu, mengine ya karne ya 19, Zein akayatilia udi. Hebu fikiria kazi hiyo. Shairi limelala kwenye karatasi, au kichwani mwa bibi kizee mmoja tu, miaka mia na zaidi. Anakuja mtu analiamsha, na hana ruhusa ya kulibadilisha hata herufi.

Herufi ndiyo niliyotaka kuisema.

Bibi yangu alikuwa na kaseti ya Zein ambayo jalada lake lilikwisha chanika zamani, akaishikilia kwa mpira wa kufungia noti. Ijumaa usiku, vyombo vikishaoshwa, aliitia kwenye redio yake, na sisi wajukuu tukakaa mkekani. Hakuiacha ikacheza hata siku moja. Kila baada ya ubeti alikuwa akiizima kwa kidole gumba, tak, na kuuliza, “Umesikia?” Sisi tunadhani anauliza habari ya mapenzi, au fumbo, tunaanza kubahatisha. Yeye anatikisa kichwa. Siku moja akachoka na ujinga wetu. Akanishika mkono, akaniwekea kiganja changu mwenyewe mbele ya mdomo wangu.

“Sema paa. Paa la nyumba.”

Nikasema. Kiganja hakikuhisi kitu.

“Haya, sasa sema paa. Yule mnyama wa mwituni.”

Nikasema vilevile. Akanipiga kibao chepesi cha mkono, akaweka kiganja changu mbele ya mdomo wake yeye, akasema. Pumzi ikanigonga. Ndogo, ya moto, kama mtu anayezima kibiriti. Akarudia la nyumba: hakuna kitu. La mnyama: pumzi. Kisha akaniletea kaa, la moto na wa pwani, na mambo yakawa yale yale. Yule wa pwani ana pumzi, la moto halina. “Zein,” akasema, “hata ukizima taa utajua anaimba mnyama ama nyumba.” Akabonyeza redio.

Tangu hapo sikuweza tena kumsikiliza mwimbaji kama walivyomsikiliza wenzangu. Wao walisikia udi, walisikia fidla, walijua pa kupiga makofi. Mimi nilikuwa nikingoja pumzi. Nikajifunza kwamba fundi wa kweli hukaa nyuma ya udi wake unywele mmoja. Risha inagusa uzi, uzi unalia, na neno linaingia pale mlio unapoanza kufa, ili lisikike lote na mwanzo wake. Wakija pamoja, mlio unaimeza ile pumzi. Hili halifundishwi kwa maelezo, hufundishwa kwa kukaa karibu. Na wasikilizaji wa zamani walilijua, ndiyo maana mtu aliweza kuinuka kwenda kumtuza mwimbaji kwa neno moja tu lililotamkwa sawasawa.

Mwimbaji Juma Bhalo naye alikuwa na lake, la Kihindi, lenye kinanda na tabla na sauti ya kuvuta machozi. Kwa hiyo sina ugomvi na ala za kigeni. Udi wenyewe mgeni. Ugomvi wangu ni na ule mwangwi. Nenda harusini leo: spika mbili ndefu kama kabati, na fundi mitambo, kijana mwenye adabu zake, ameitia sauti ya mwimbaji mwangwi hata neno moja linarudi mara tatu likijikanyaga. Paa, paa, paa. La nyumba? Wa mwituni? Hakuna anayejali, na mwimbaji ameshajua kuwa hakuna anayejali, basi ya nini ajichoshe.

Juma Bhalo alifariki mwaka 2014. Zein mwaka 2016. Nabhany Januari ya 2017. Miaka mitatu haikutimia.

Baada ya msiba wa Zein niliingia duka moja la kanda mjini, duka ambalo siku hizi lina vifuniko vya simu zaidi ya kanda, nikauliza kama wana Mtindo wa Mombasa. Santuri hiyo ya Zein ilitolewa na kampuni ya Uingereza, GlobeStyle, mwaka 1990. Kijana akanitazama kwa huruma. “Ami, hiyo ya zamani. Leta flashi nikutilie nyimbo mia nne.” Mia nne! Bibi alikuwa na kaseti moja, na kwa alivyokuwa akiizima na kuirudisha, sidhani tuliwahi kuifikisha mwisho. Santuri yenyewe nimekuja kuipata kwa jamaa aliyeinunua Ulaya, amenirudishia Mombasa kutoka ng'ambo kama barua iliyokosea anwani.

Mzee wa Kibokoni hatimaye alikishinda kigingi. Akapitisha risha mara moja juu ya nyuzi zote, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mlio ukaisha kabisa. Akafungua mdomo. Hapo hapo adhana ya alasiri ikatoka, kwanza upande wa Ndia Kuu, kisha kila upande. Akafunga mdomo, akautia udi ndani ya leso ya marehemu mkewe, akaifunga fundo. “Njoo baada ya isha,” akaniambia.

Nilikwenda. Nilibisha, akafungua kitukuu wake wa miaka sita hivi, mdomo umejaa mkate. “Babu amelala.” Udi ulikuwa umetundikwa ukutani, umo ndani ya leso, na chini yake runinga ilikuwa ikisema peke yake.