Saa Nane za Usiku

Octavia Butler, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kubuni za kisayansi, aliamka saa nane usiku kuandika. Mchana haukuwa wake: aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua krispi za viazi kiwandani. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba yake, mng'arisha viatu, alifariki binti angali mdogo. Mama alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Ni mama huyo aliyemnunulia taipureta akiwa na miaka 10, mtoto ambaye herufi zenyewe zilikuwa zikimpiga chenga.

Tuzo zilikuja baadaye: Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, mara mbili, na fedha za ufadhili za Wakfu wa MacArthur mwaka 1995. Mimi kinachonivuta zaidi ni ufundi wake, hasa katika Kindred, riwaya ya 1979.

Dana, mwandishi Mweusi anayeishi California mwaka 1976, anajikuta ghafla Maryland, enzi za utumwa. Imekuwaje? Butler haelezi. Hakuna mtambo wala profesa wa kutuchosha kwa kurasa tatu. Kuna kanuni mbili tu: Dana huvutwa kila Rufus, mtoto wa mwenye shamba, anapokaribia kufa, naye hurudi kwao pale anapoamini kwamba yeye mwenyewe anakufa. Halafu Butler anakaza skrubu: Rufus ni babu wa ukoo wa Dana. Dana akimwacha afe mapema, yeye mwenyewe hatazaliwa.

Sasa tazama fundi anavyozitumia kanuni hizo. Safari ya kwanza, mtutu wa bunduki unatosha kumrudisha Dana nyumbani. Baadaye anatoroka, anakamatwa, anachapwa mijeledi, na harudi. Kwa nini? Kwa sababu ameshayazoea mazingira kiasi cha kujua kwamba kipigo hicho hakitamuua. Nilipolifikia hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa muda. Kanuni niliyodhani ni ujanja wa kusogeza hadithi imegeuka kipimo cha jinsi utumwa unavyomwingia mtu mwilini, bila mwandishi kuhubiri hata sentensi moja.

Wala Butler hakuibuni Maryland akiwa mezani. Alipanda basi, akavuka nchi nzima kwenda kuiona.

Mwishoni Dana anarejea, lakini mkono wake wa kushoto unabaki ndani ya ukuta wa sebule yake, umekatika pale pale Rufus alipoushika.