Kibarua wa Ufipa na Nadharia ya Soko Nyumbufu la Kazi

Katika semina na makongamano ya uchumi limeingia neno ambalo makada wengi wamelipokea bila kuliuliza lilikotoka: unyumbufu wa soko la kazi. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba mwajiri awe na uhuru wa kuajiri na kuachisha kazi kadiri biashara yake inavyopanda na kushuka. Walio waungwana zaidi huongeza kwamba uhuru huo usawazishwe na usalama wa mfanyakazi. Hatuna ugomvi na neno. Ugomvi wetu ni na dhana iliyojificha ndani yake, yaani kwamba mfanyakazi wetu amezoea ajira ngumu isiyopindika na sasa hana budi afundishwe kupinda. Asemaye hivyo hajafika Sumbawanga.

Kwa Ufipa unyumbufu ni habari ya zamani. Chini ya utawala wa Waingereza uwanda huu ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa nguvu-kazi kwa ajili ya faida ya wengine. Vijana walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, wengine kwenye dhahabu ya Lupa, wengine wakavuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, na aliyeandikwa huko akaitwa manamba, mtu wa namba. Kipande chake kilihesabu siku 30 za kazi, si siku za kalenda. Kazi ikiisha, alirudi kwao.

Nani alimlisha aliporudi? Si bwana shamba. Alilishwa na ulezi na maharage yaliyolimwa na mkewe na mama yake kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Hiyo ndiyo siri ya mshahara mdogo: chakula cha watoto, matunzo ya mgonjwa na siku za uzee havikuwa ndani ya hesabu ya mwajiri. Unyumbufu ulikuwa wa mwenye mkonge, na usalama ulilipwa na jembe la mwanamke wa Ufipa. Rodney, Tambila na Sago waliufafanua vema mfumo huu katika kitabu chao cha 1983, wakiitazama Tanga kama sumaku na Kigoma kama ghala la vibarua. Tunasikitika kidogo kwamba Ufipa haikupewa sura yake humo, hali Tambila mwenyewe alikwisha kuandika tasnifu nzima juu ya historia ya Rukwa mwaka 1981.

Wala tusiupambe usalama wa jadi. Kazi ya ntumba ilifanywa kwa kuitana, na walioitwa walinyweshwa pombe ya ulezi. Asiyekuwa na ulezi wa kutengenezea pombe angemwita nani?

Baada ya Uhuru, sheria ya usalama wa kazi ya mwaka 1964 ilimwondolea mwajiri uwezo wa kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi, na mwaka huo huo ukaundwa Mfuko wa Akiba, NPF. Huo ulikuwa ushindi wa kweli wa wavujajasho, lakini ulikuwa ushindi wa kiwandani na ofisini. Kilichompa mtu wa Rukwa nguvu ya kukataa kazi ya dhuluma kilikuwa kingine: bei moja ya mahindi nchi nzima, iliyoanza katikati ya miaka ya 1970. Mahindi ya Laela yalinunuliwa kwa bei ile ile ya mahindi yaliyo karibu na reli, na Rukwa, mkoa uliozaliwa mwaka 1974, ukaingia katika mikoa minne mikuu ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wachumi wanasema bei ile iliitia NMC hasara kubwa. Ni kweli. Wasilolisema ni kwamba ilipoondolewa katika miaka ya 1980, hasara haikutoweka. Ilihamia kwa mkulima aliye mbali na soko.

Sasa tuitazame Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inakataza kuachisha kazi bila sababu ya haki, lakini kinga hiyo haimfikii aliyemtumikia mwajiri mmoja kwa muda usiofika miezi 6. Kiinua mgongo kinadai miezi 12 mfululizo. Haikumsahau kabisa mtu wa msimu, maana kwa likizo inaruhusu vipindi vyake vijumlishwe. Hata hivyo kipimo chake kikuu ni urefu wa kukaa kwa bwana mmoja. Kibarua wa uwandani hulima kwa huyu mvua zinapoanza, hupalilia kwa yule, huvuna kwa wa tatu na kupakia magunia kwa mfanyabiashara wa nne. Amefanya kazi mwaka mzima, na mbele ya sheria hajafika popote. Pensheni ya NSSF nayo inataka michango ya miezi 180: mwenye kuchangia miezi 4 kwa mwaka ataifikia baada ya miaka 45.

Denmark, inayotajwa sana, iliruhusu waajiri kupunguza watu kwa urahisi, lakini aliyepunguzwa hupokea fedha kutoka katika mifuko ya bima inayoendeshwa sambamba na vyama vya wafanyakazi na kutegemezwa na dola tangu mwaka 1907. Wanadharia wetu wameagiza nusu ya mzigo.

Msimamo wetu ni kwamba usalama umfuate mtu, usifungwe kwa mwajiri. Halmashauri tayari zinatoza ushuru wa mazao. Sehemu ya ushuru huo iingie NSSF kwa jina la vibarua waliolima na kuvuna mzigo huo, nayo michango ihesabiwe kwa siku, si kwa mwezi. Tutaambiwa kwamba kumbukumbu hazipo. Mkoloni alizihesabu siku 30 za kipande kwa karatasi na penseli, na leo kila kijiji kina mtendaji.