Nyuma ya Mlango

Katika ngano za Wakikuyu, ambazo wakaao kando ya mto Chania wamezirithi tangu kale, zimwi huja ngomani kwa umbo la kijana mzuri. Nywele zake huficha kinywa cha pili kilichoko kisogoni. Kitutishacho ni kujua kwamba kinywa kipo, hali msichana ampendaye hajui.

Mwingereza W. W. Jacobs aliijua siri hiyo. Katika hadithi yake fupi “The Monkey’s Paw”, iliyotolewa mwaka 1902, mzee White ana kiganja kikavu cha kima kitimizacho maombi matatu. Aomba pauni 200. Kesho yake mwanawe anaswa na mitambo kazini, akafa; kampuni yakana hatia, lakini yaleta pauni 200 kamili. Msomaji wa Thika, mji wa viwanda, hahitaji kuelezwa uzito wa hesabu hiyo. Baadaye mama ataka mwanawe afufuliwe. Usiku mlango wabishwa. Mama ahangaika na komeo, na baba aharakisha ombi la mwisho. Mlango ufungukapo, njia ni tupu.

Hadithi hii imefanywa sinema mara kadhaa, mojawapo mwaka 1933. Hapo ndipo penye mtihani: kalamu yaweza kunyamaza, lakini kamera hushawishika kuonyesha. Na mwana wa mtu akishageuzwa kinyago cha kutisha, twasahau kumlilia.

Basi, mwanafunzi, utazamapo sinema ya namna hii, usijiulize tu kama uliogopa. Jiulize uliogopa nini: uso uliopakwa rangi, ama roho iliyopimwa kwa fedha?