Matanuri Mawili

Mwezi Juni, baridi ya Sumbawanga haibishi hodi. Uwanda wa Ufipa umeinuka zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwanafunzi wa kidato cha nne aliye prepo usiku huvaa sweta juu ya sweta, vidole vikimkakamaa kwenye kalamu. Mbele yake pana kifungu cha Kiingereza chenye maneno 300, na chini yake amri: fupisha kwa maneno yasiyozidi 70. Mtihani wa Baraza la Mitihani ni Novemba. Baada ya mtihani huo kuna kidato cha tano, na mbali zaidi chuo kikuu.

Nilikuwa mmoja wao, na ufupisho niliuogopa kuliko sarufi. Sarufi ilikaririka. Nyumbani tulisema Kifipa, shule ya msingi tukasoma kwa Kiswahili, na tulipoingia sekondari karibu kila somo likageuka Kiingereza. Neno la Kiingereza kwangu lilikuwa mali iliyopatikana kwa jasho. Kuambiwa nitupe maneno 230 niliona dhuluma. Nikawa nanakili sentensi ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, nahesabu hadi 70, naweka nukta. Mwalimu alirudisha daftari na swali moja kwa wino mwekundu: mwandishi alitaka kusema nini?

Kesho yake hakugusa kitabu. Alituuliza nani kati yetu amewahi kuona mabaki ya ilungu.

Ilungu ni tanuri refu la udongo, mita 3 hivi kwenda juu, ambalo wahunzi wa Kifipa walilijaza mkaa na mawe ya chuma. Halikuvukutwa, upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Kilikuwa bonge, chuma kimegandamana na mavi yake. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ikafanya kazi hadi chuma kikatakata. Ndipo likaja jembe, ndipo likaja shoka. Chuma cha ng'ambo kilipojaa madukani katika karne ya 20, malungu yakazimika.

“Wewe,” mwalimu akanigeukia, “unafua jembe kwa mawe.”

Tangu siku hiyo tukawasha matanuri mawili. Kwanza soma kifungu chote bila kushika kalamu. Neno usilolijua lisikutishe. Mara nyingi sentensi inayofuata hulifichua. Soma tena, kisha funika karatasi uandike hoja kwa maneno yako, hata kama Kiingereza chako kinachechemea. Hilo ndilo bonge. Sasa litie kintengwe. Mihogo, viazi vitamu na magimbi yawe mazao ya mizizi. Kilichorudiwa kitoke. Mbwembwe zitoke, kusudio libaki. Mwisho funua kifungu, ulinganishe: mwandishi mwenyewe akisoma ulichoandika, atasema ndivyo nilivyosema?

Kwa swali hilo naisifu kazi hii. Sarufi unaweza kuikariri ukapata alama bila kuelewa, ufupisho haukaririki. Huwezi kufupisha usichokielewa, na huwezi kumtendea haki msemaji ambaye hukumsikiliza hadi mwisho. Leo mama akiniletea karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza, namweleza kwa Kifipa, kwa sentensi mbili, naye anajua la kufanya. Sikujifunza hilo kwenye orodha ya msamiati.

Kijana unayejiandaa kwa Novemba, mitihani ya nyuma ifanye, na maneno mapya yaandike. Lakini kila jioni, kabla hujalala, chukua kifungu kimoja tu, ukipitishe katika matanuri yote mawili.