Miguu ya Brayden Point

Juni 2014, mjini Philadelphia, vijana 78 waliitwa kabla yake. Kila mwaka timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, hukutana kuchagua chipukizi kwa zamu, na mshambuliaji Brayden Point wa Calgary, Kanada, alisubiri hadi raundi ya 3 ndipo Tampa Bay Lightning wakamchukua, wa 79. Mikono yake haikuwa na mjadala. Mabao alikuwa akiyafunga huko Moose Jaw, mji mdogo wa Saskatchewan alikochezea ligi ya vijana. Waliomkwepa walihofia kimo chake na miguu yake. Mfupi mwenye kasi husamehewa. Mfupi mzito, katika mchezo ambao mabeki wa kilo mia wanaruhusiwa kukupiga kumbo hadi ukutani, hana mnunuzi.

Kimo hakina dawa. Miguu ina mafundi wake, na fundi wa Tampa alikuwa mwanamke aliyetoka mchezo mwingine kabisa. Barbara Underhill, pamoja na Paul Martini, alitwaa ubingwa wa dunia wa kuteleza kwa madaha wawili wawili mwaka 1984, huko Ottawa. Wiki chache kabla yake walikuwa wametoka Olimpiki ya Sarajevo wakiwa wa 7 tu. Alichobadilisha katikati ni viatu: aliacha vipya akarudia vya zamani. Nadhani mtu aliyepitia hayo haoni kitu chochote kuwa kidogo mno pale chuma kinapokutana na barafu.

Na vyote hapo ni vidogo. Chuma cha kiatu cha hoki kina unene wa milimita 3 hivi, nacho kimechongwa mfereji katikati, kikabaki na makali mawili, la ndani na la nje. Mchezaji husimama juu ya makali hayo, na kila anachofanya ni kuhama kutoka moja hadi jingine. Waliowahi kujaribu kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, wanakumbuka kosa la kwanza la kila mgeni: kutaka kukimbia. Barafu haikimbiliki. Mguu hausukumi nyuma, unasukuma pembeni, na msukumo una maana pale tu goti lilipokunjwa vya kutosha, kama mtu anayeshuka kukalia mbuzi ya kukunia nazi akasita kabla hajafika. Mguu ukishanyooka hadi mwisho, urudi chini ya kiwiliwili, usiachwe ukining'inia upande. Kosa moja dogo, tuseme kifundo kilicholegea, hupunguza sentimita kadhaa za kila hatua. Lizidishe kwa hatua za mechi nzima uone deni lake.

Ugumu ni kwamba kijana wa miaka 18 ameshateleza tangu utotoni. Kumfundisha upya ni kumvunjia mazoea yaliyomfikisha alipo. Ndiyo maana kazi ya Underhill hufanywa zaidi wakati wa kiangazi, ligi ikiwa imelala, na kwa muda fulani mwanafunzi huwa mbovu kuliko alivyokuja. Wengi hapo huchoka. Point hakuchoka, na kwangu hicho ndicho kipaji chake halisi, ingawa hakionekani kwenye karatasi ya maskauti.

Kanuni nazo zilimsaidia. Wakati ule kijana wa ligi za vijana za Kanada hakuweza kupelekwa kuchezea moja kwa moja timu ya akiba ya klabu yake kabla ya kufika miaka 20. Kama hakuwa ameiva kwa NHL, alirudi alikotoka. Point akarudi Moose Jaw misimu miwili zaidi, katika ligi ya mechi 72 kila msimu, safari ndefu za basi katika nyanda za baridi kali. Wengine huiona hiyo adhabu. Kwake ilikuwa karakana: misimu ya kufanya jambo lile lile bila mtu kumwuliza lini litalipa.

Oktoba 2016 aliingia NHL, akafunga mabao 18 msimu huo. Kisha 32. Kisha 41. Leo hutajwa miongoni mwa watelezaji hodari wa ligi, na vijana hawaamini kwamba kasi ile ilifundishwa.

Kipimo ninachokipenda mimi ni mechi ya Agosti 11, 2020, Toronto, dhidi ya timu ya Columbus. Dakika 60 za kawaida ziliisha kwa sare. Zikafuata nyongeza nne bila mshindi, na kipa Joonas Korpisalo alizuia mashuti 85, rekodi ya NHL. Katika nyongeza ya 5, mchezo ukiwa umepita dakika 150, wote wakijikokota, kisahani kinachochezwa badala ya mpira kilimfikia Point. Ndiye aliyekuwa amefunga bao la kwanza la Tampa siku ile. Akafunga na la mwisho, kwa miguu iliyowatia shaka wanunuzi. Mwezi uliofuata Tampa walibeba Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo.