Chui Mlangoni mwa Choo

Wapenzi wa riwaya za kubuni za kisayansi wakianza kutajiana zinazochekesha, jina la Douglas Adams halikawii kusikika. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, iliyotoka Uingereza mwaka 1979, ina watu wanaoiapia. Ina pia wanaodai ni rundo la mizaha lisilo na kisa. Wote wana hoja, ila mzaha wa mwanzo kabisa unafaa kufunguliwa skrubu moja moja.

Arthur Dent anaamka Alhamisi na kukuta tingatinga la njano nje ya nyumba yake. Nyumba inabomolewa kupisha barabara ya mchepuko. Anajilaza matopeni kulizuia, naye Prosser, ofisa wa halmashauri, anamkumbusha kwamba ramani zilikuwa wazi kwa umma miezi tisa. Kweli zilikuwepo: chini ya ardhi, taa hakuna, ngazi nazo hakuna, ndani ya kabati lililofungwa, chooni kusikotumika, na mlangoni kibao cha kutahadharisha kuhusu chui. Aliyewahi kuona ukuta wa jirani ukipigwa X nyekundu hahitaji kufafanuliwa.

Tazama mpangilio. Taa kuharibika ni jambo la kawaida. Kukosekana kwa ngazi kunatia shaka, lakini majengo ya umma yana mambo yake. Msomaji anavutwa hatua kwa hatua, na hadi anapokutana na chui ameshakubali mengi mno kuweza kukataa.

Kisha Wavogoni, viumbe kutoka anga za mbali, wanatokea angani kuibomoa Dunia nzima, kupisha njia ya vyombo vya anga. Jibu lao ni lile lile la Prosser: mipango ilikuwa ofisini miaka 50, huko Alpha Centauri. Hapa hakuna kabati wala chui. Adams anapita haraka kwa sababu halmashauri imeshamfanyia kazi yote. Angeanza na Wavogoni, Prosser angekuwa mtu wa kuchosha tu. Tena Alpha Centauri ndio mfumo wa nyota ulio karibu zaidi na Jua, kama miaka 4 ya mwanga. Kwa hesabu za anga, ofisi hiyo iko mtaa wa pili.

Lawama ya kukosa kisa ina asili yake. Hadithi ilianzia redioni, BBC Radio 4, Machi 1978, na kitabu cha kwanza kilichota zaidi vipindi vinne kati ya sita vya mwanzo. Ndiyo maana kinakatika ghafla, wahusika wakielekea kutafuta chakula.

Anayetaka kisa kilichofumwa barabara apewe To Say Nothing of the Dog ya Connie Willis, iliyoshinda tuzo ya Hugo mwaka 1999. Humo wasafiri wa wakati wanahangaika na chombo kibaya cha maua cha Kanisa Kuu la Coventry, na paka mmoja anavushwa hadi karne ambayo paka wametoweka. Paka huyo anashikilia kisa hadi kurasa za mwisho. Adams angemsahau sura inayofuata.