Kidagaa Kimemwozea Nani Webuye?

Mtu yeyote aliyefanya KCSE enzi za *Kidagaa Kimemwozea* unaweza kumwamsha saa nane za usiku na akueleze Mtemi Nasaba Bora ni nani. Mnyakuzi wa mashamba, mnyanyasaji, bwana mkubwa wa Sokomoko. Mji unaumwa na ugonjwa ni yeye. Akianguka, tunashusha pumzi. Ken Walibora alikuwa mwana wa huku kwetu, Bungoma na Trans Nzoia, na riwaya yake ninaipenda hadi leo. Lakini nina kesi nayo. Imetuzoesha kuamini kwamba dhuluma lazima iwe na sura ya mtu, na ukishamjua mtu huyo hadithi imekaribia kuisha.

Hebu ipeleke imani hiyo Webuye uone.

Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, ambacho sisi wote tunakiita Pan Paper, kilianza kuzalisha miaka ya 1970. Wenye hisa walikuwa serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper ya India na shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia. Ukisafiri kutoka Kitale kwenda Kisumu, harufu ya Webuye ilikufikia kabla ya Webuye yenyewe. Mabati ya nyumba yaliliwa na kutu na watu walilalamika, lakini mji ulikuwa na pesa. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa kwa madeni, yakiwemo ya umeme, na kikawekwa chini ya mrasimu, yaani yule msimamizi anayeletwa kushika kampuni kwa niaba ya wanaoidai. Kikajaribiwa kufufuliwa, kikalala tena. Mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900.

Sasa niambie, Mtemi ni nani hapo? Kampuni ya umeme ilikuwa inadai haki yake. Benki nazo zilikuwa na mikataba. Mrasimu alikuwa na barua ya kumteua. Mnunuzi alinunua kilichouzwa. Kila mmoja ana karatasi mkononi, tena ina muhuri. Na mfanyakazi aliyesimama kando ya mashine miaka 20 ana karatasi pia, hati ya mshahara, ila yake ndiyo haifungui mlango. Alipoulizia malipo yake ya mwisho aliambiwa angoje. Wapo waliongoja hadi kaburini.

Kuna watakaoniambia wezi walikuwepo, nimechelewa tu kuwataja. Sibishi kwamba kampuni haifi bila mikono ya watu. Lakini tuseme wote wanakamatwa kesho asubuhi. Je, foleni ya malipo inabadilika? Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, inayotumika Kenya leo, imepanga nani anakula kwanza. Mwenye deni lenye dhamana ana mali yake aliyoishikilia. Gharama na ujira wa mfilisi vinatangulia. Ndipo anafuata mfanyakazi, kwa mshahara wa miezi 4 kabla ya ufilisi kuanza, na jumla ya stahiki zake katika nafasi hiyo isizidi shilingi 200,000. Kinachozidi hapo kinarudi nyuma ya foleni pamoja na wadai wasioshika chochote. Mtu aliyedai miaka 2 ya mshahara anaweza kupoteza karibu yote, na hakuna hata mmoja aliyevunja sheria siku hiyo.

Hapo ndipo fasihi yetu ya wafanyakazi inaponiacha njiani. Chukua *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979. Ni riwaya ya mgomo wa wapagazi wa bandari ya Zanzibar mwaka 1948, na bado inachoma. Rashidi na wenzake wana silaha moja, miili yao. Wakikataa kubeba, meli inakaa. Au chukua *Petals of Blood* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya 1977, ambayo wafanyakazi wake wa kiwanda cha pombe pale Ilmorog wanajua fika ni nani anayenenepa kwa jasho lao. Hizi ni hadithi za mahali ambapo kazi ipo na mwajiri yupo. Mgomo una maana kwa sababu kuna kitu cha kusimamisha. Kampuni iliyofilisika imeshasimama yenyewe. Utagomea nini?

Na huo mwaka 1977 una kejeli yake. Ngũgĩ anachapisha riwaya yake ya mgomo, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. Shirika la ndege la East African Airways linakufa nayo, Kenya inaanzisha Kenya Airways, na wafanyakazi wa ndege, reli, bandari na posta wanabaki wakiulizana pensheni zao ziko kwa nani. Mwajiri wao hakufukuza mtu. Alitoweka tu. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, kila nchi ikakubali kuwalipa raia wake. Kukubali na kulipa ni vitu viwili. Miaka ya 2000, wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wanaandamana Dar es Salaam kudai chao. Mtu aliyekuwa kijana akihudumia ndege anaandamana na mkongojo! Ukitafuta riwaya, hiyo hapo imelala barabarani.

Kiswahili chenyewe kinaonekana kulijua jambo hili kuliko waandishi wake. Pesa ya kustaafu tunaiita kiinua mgongo. Neno hilo lina mwili ndani yake, mgongo ulioinama miaka mingi na mkono unaokuja kuuinua. Lakini kampuni ikianguka, mwenye mgongo anabadilishwa jina na kuitwa mdai. Mdai ni mtu wa kukwepwa, mtu wa kuambiwa mwenye nyumba hayupo. Siku moja ulikuwa fundi wa mashine ya karatasi, siku ya pili unasumbua watu maofisini. Mwandishi mwenye sikio angeanzia hapo tu, kwenye hayo majina mawili.

Mnaweza kuuliza, kwani haya ni ya fasihi au ya mawakili? Mimi nasema namna tunavyosimulia ina gharama. Kwa sababu tumezoea hadithi ya Mtemi, kila msimu wa kampeni anakuja mtu Webuye na hadithi hiyohiyo: kuna aliyetuulia kiwanda, mimi nitakifufua. Tunapiga makofi. Lango linafunguliwa, picha zinapigwa, na swali la waliofanya kazi pale zamani linakuwa kama tusi kwenye harusi. Mwaka 2025 serikali ilikodisha Nzoia Sugar, hapo hapo Bungoma, kwa mwekezaji kwa miaka 30. Mabishano mengi yalikuwa ya nani amepewa na kwa nini yeye. Wafanyakazi walikuwa na swali dogo zaidi: malimbikizo ya mishahara yetu atalipa nani, na lini? Swali la foleni halina shujaa wala halipendezi jukwaani, lakini ndilo linaloamua kama mtoto atarudi shuleni Januari.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wa rika langu ni hili. Tuandikieni foleni. Mhusika mkuu awe faili. Tuone bahasha ya kaki yenye hati za mshahara zilizonakiliwa mara tatu, karani mwenye adabu anayesema rudi wiki ijayo, mjane anayesimama kwenye nafasi ya mumewe na kulazimika kuthibitisha kwanza kwamba ni mjane. Msitupe mtu wa kumchukia kwenye ukurasa wa mwisho. Tuonyesheni mpangilio wenyewe, nani yuko mbele ya nani na ni nani aliyeuchora hivyo, kwa sababu sheria iliyopangwa na watu katika bunge inaweza kupangwa upya na watu.

Kule Sokomoko, kidagaa kilimwozea mkosaji. Webuye kilimwozea aliyekivua.